Vidonge vya majira, damu iliyoganda na swali la ukoo: kutoka Kilosa hadi Mikumi

Ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi kwa barabara, kabla hujafika Mikumi unapita Ulaya. Usicheke ndugu msomaji, ni Ulaya kweli, kata halali ya wilaya ya Kilosa, yenye mashamba, watoto wa shule na vumbi lake. Nimeanza na Ulaya kwa makusudi. Mada yangu ya leo imesafiri kati ya Ulaya ile ya wazungu na hii ya kwetu, na katika safari hiyo kuna sehemu muhimu ya mzigo ilidondoka njiani.

Mada yenyewe ni hii. Dada wa miaka ishirini na kitu anataka kutumia vidonge vya uzazi wa mpango, vile ambavyo mama zetu waliviita vidonge vya majira. Lakini mama yake mzazi aliwahi kupata bonge la damu kwenye mshipa wa mguu. Je, vidonge ni salama kwake?

Akiuliza mtaani atapata majibu mawili. La kwanza: "Shoga, usiguse kabisa, utakufa." La pili: "Achana na maneno ya waswahili, vidonge havina shida yoyote." Majibu yote mawili yana raha yake kwa sababu ni mafupi. Tatizo ni kwamba yote mawili yameruka historia, na bila historia hii huwezi kuelewa kwa nini muuguzi anatakiwa akuulize habari za mama yako kabla hajakupa pakiti.

Haya, twende taratibu.

Vidonge hivi vilizaliwa Marekani miaka ya 1950. Margaret Sanger, mwanaharakati wa uzazi wa mpango, alimshawishi mwanasayansi Gregory Pincus aifanye kazi hiyo, na tajiri mmoja mwanamke, Katharine McCormick, akatoa fedha. Daktari John Rock akaingia upande wa tiba. Mwaka 1956 majaribio makubwa yalianza Puerto Rico, kwa wanawake maskini wa mtaa wa Río Piedras. Daktari Edris Rice-Wray, aliyesimamia majaribio yale, aliandika kwamba dawa inazuia mimba vizuri sana, lakini asilimia 17 ya wanawake walilalamika kichefuchefu, kizunguzungu, kuumwa kichwa na tumbo. Maoni yake yalikuwa kwamba madhara ni mengi mno. Wakubwa hawakuyapa uzito. Mwaka 1957 dawa iliyoitwa Enovid iliruhusiwa Marekani kwa matatizo ya hedhi, na mwaka 1960 ikaruhusiwa kwa kuzuia mimba.

Sasa shika namba hii maana itarudi. Kidonge kimoja cha Enovid ya mwanzo kilikuwa na takriban maikrogramu 150 za mestranoli, ambayo ni aina ya estrojeni. Kwa nini estrojeni? Kwa sababu ndiyo mhusika mkuu wa habari ya damu kuganda. Estrojeni ikipita kwenye ini, ini huongeza utengenezaji wa protini zinazogandisha damu, na hupunguza baadhi ya zile zinazozuia isigande ovyo. Kwa wanawake wengi mabadiliko hayo ni madogo na mwili unayamudu. Kwa wachache mizani inaelemea upande mmoja, bonge la damu linajitengeneza kwenye mshipa wa ndani wa mguu, na likikatika linasafiri hadi kwenye mapafu. Hapo mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache.

Nani aligundua? Mwishoni mwa mwaka 1961, wiki chache kabla sisi hatujapandisha bendera yetu ya Uhuru, daktari mmoja Mwingereza aitwaye W. M. Jordan aliandika barua kwenye jarida la kitabibu la The Lancet. Alieleza habari za muuguzi aliyekuwa akipewa Enovid kwa sababu ya ugonjwa wa kizazi, akapata bonge la damu kwenye mapafu. Mgonjwa mmoja tu! Barua moja! Lakini ndiyo iliyofungua mlango. Angalia pia kwamba mgonjwa wa kwanza kuandikwa alikuwa muuguzi, mtu ambaye wenzake wangemsikiliza. Ni wanawake wangapi wa Río Piedras waliovimba miguu bila mtu kuandika barua? Hilo nakuachia ujiulize.

Kampuni zilibisha. Madaktari wengi pia walibisha, wakisema mabonge ya damu hutokea hata kwa wasiotumia vidonge. Ni kweli, hutokea. Kwa hiyo ilibidi watu wahesabu. Mwaka 1968 Waingereza Martin Vessey na Richard Doll (huyu Doll ni yule yule aliyesaidia kuthibitisha kwamba sigara inaleta kansa ya mapafu) walitoa matokeo yao: wanawake waliotumia vidonge vya enzi hizo walikuwa na uwezekano wa kulazwa kwa damu kuganda mara tisa hivi zaidi ya wasiotumia. Desemba 1969 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ikawashauri madaktari waachane na vidonge vyenye estrojeni zaidi ya maikrogramu 50. Mwaka uliofuata takwimu kutoka Uingereza, Sweden na Denmark zikaonyesha kwamba kadiri estrojeni inavyokuwa nyingi ndivyo hatari inavyopanda.

Marekani nako moto uliwaka. Mwandishi wa habari Barbara Seaman alitoa kitabu mwaka 1969 akiwashtaki madaktari kwa kuwaficha wanawake ukweli. Kitabu kikamfikia Seneta Gaylord Nelson, naye Januari 1970 akaitisha vikao vya Seneti kuhusu usalama wa vidonge. Wataalamu walipanga foleni kutoa ushahidi. Mwanamke hata mmoja aliyekuwa ameumizwa na vidonge hakuitwa. Basi akina Alice Wolfson na wenzake waliokaa kama wasikilizaji wakasimama na kuanza kupaza sauti kuuliza maswali, wakatolewa nje mbele ya kamera za televisheni. Matunda yake? Mwaka huo huo wa 1970 serikali ya Marekani iliamuru kila pakiti ya vidonge iwe na karatasi ya maelezo kwa mtumiaji mwenyewe, na karatasi ile iitaje hatari ya damu kuganda.

Kile kikaratasi chembamba unachokunja na kukitupa bila kusoma, watu walifukuzwa kwenye kikao cha Seneti ili wewe ukipate. Naomba ukumbuke hilo siku nyingine.

Sasa turudi Bongo.

Huduma ya uzazi wa mpango kwetu ilianza mwaka 1959 na chama kilichoundwa Dar es Salaam, ambacho baadaye tulikuja kukifahamu kwa jina la UMATI, Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Mwanzoni ilikuwa huduma ya mjini, kwa wake wa makarani na wafanyabiashara. Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipokuwa akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, aliligusa suala la watu kuzaa watoto watakaoweza kuwalea. Mwaka 1974 serikali ikaanzisha huduma ya afya ya mama na mtoto nchi nzima, na vidonge vikaanza kuingia kwenye kliniki za serikali pamoja na chanjo na mizani ya kupimia watoto. Mpango wa taifa wa uzazi wa mpango ulikuja mwaka 1989, na Sera ya Idadi ya Watu mwaka 1992.

Wadau mliozaliwa miaka ya 1980 mtakumbuka kilichofuata. Mwaka 1993 ikaja alama ya Nyota ya Kijani kwenye milango ya zahanati. Redio Tanzania ikaanza kurusha michezo ya kuigiza, Zinduka na Twende na Wakati. Nani amemsahau Mkwaju, dereva wa lori mwenye mke nyumbani na hawara kila kituo? Ukisimama Mikumi jioni, pale malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapoegesha, unaelewa kabisa waandishi wa mchezo ule walikuwa wanamzungumzia nani. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inakatiza mji na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, na Mikumi imekuwa mji wa wapitanjia kwa miongo mingi. Wapitanjia na wenyeji, wote wanahitaji kupanga uzazi.

Takwimu zinaonyesha watu walisikia. Katika utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 1991 hadi 1992, wanawake walioolewa waliokuwa wakitumia njia za kisasa walikuwa asilimia 7 hivi, na vidonge ndivyo vilivyoongoza. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa takriban asilimia 31, na vijiti na sindano vilikuwa vimevipita vidonge kwa mbali.

Lakini sikiliza. Vidonge vilivyotufikia sisi kwa wingi havikuwa Enovid ya 1960. Vilikuwa kizazi kingine. Microgynon na Lo-Femenal, majina ambayo dada zetu wengi wanayajua, vina maikrogramu 30 za ethinilestradioli, ambayo ni estrojeni. Ni vipimo vya aina mbili tofauti na huwezi kuvilinganisha namba kwa namba, lakini mwelekeo uko wazi: estrojeni ilipunguzwa sana kwa sababu ya ile barua ya 1961, hesabu za 1968 na makelele ya 1970. Wanawake wa Kilosa walipokea faida ya mapambano yale bila kuambiwa kwamba yalitokea.

Na hapo ndipo mzigo ulipodondoka njiani. Dawa ilifika, habari yake haikufika. Kwenye nafasi ya habari ikakaa hofu, tena hofu ya vitu vingine kabisa. Sote tumezisikia: vidonge vinajikusanya tumboni na kufanya rundo, vinaunguza kizazi, vinaleta ugumba, vinaleta watoto wenye ulemavu. Havifanyi hivyo. Kidonge kinayeyuka kama Panadol, na mwanamke akiacha kumeza uwezo wa kushika mimba hurudi. Hatari ya kweli, ndogo lakini ya kweli, yaani damu kuganda, ndiyo iliyozungumzwa kidogo kuliko zote. Tulihangaika na mzimu tukamwacha nyoka.

Ajabu nyingine. Julai 2021, chanjo za Janssen za kuzuia korona zilipofika nchini, ghafla kila mtu akawa mtaalamu wa damu kuganda. Kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp, kila mahali. Tatizo lile lilikuwepo kweli, ingawa lilikuwa la nadra mno, la watu wachache katika kila milioni. Lakini wangapi kati yetu tulijua kwamba dawa iliyokuwa ikitolewa bure kliniki kwa zaidi ya miaka 30 nayo ina hatari hiyo, na kwamba ni kubwa kuliko ile ya chanjo? Na kabla hujakimbia kutupa pakiti yako, subiri nifike kwenye hesabu.

Kwanza tuongee habari za ukoo, maana hapa ndipo Kilosa inapokuwa na la kutufundisha.

Wanasayansi waliona tangu zamani kwamba damu kuganda hovyo kunatembea kwenye familia. Mwaka 1993 mtafiti Mswidi Björn Dahlbäck alieleza kasoro moja ya kurithi, na mwaka 1994 watafiti wa mji wa Leiden, Uholanzi, wakaonyesha chembe ya urithi inayohusika. Wakaiita Faktari V Leiden. Wazungu kama 5 katika kila 100 wanayo. Mwaka huo huo wenzao wa Leiden wakaonyesha kwamba mwanamke mwenye kasoro hiyo akimeza vidonge hatari yake inapanda zaidi ya mara 30 ukimlinganisha na asiye na kasoro wala vidonge. Kwa hiyo siku hizi dada wa London akisema mama yake aligandwa na damu, anaweza kupelekwa kupimwa.

Sisi je? Kwa Waafrika weusi kasoro hiyo ya Leiden ni adimu sana. Wengine husikia hivyo wakashangilia, eti basi sisi tumesalimika. Hapana. Kuna kasoro nyingine za kurithi, kama upungufu wa protini C, protini S na antithrombini, na hizo hazichagui rangi. Maana yake kwetu ni kwamba kipimo wanachokitegemea wenzetu hakitusaidii sana. Tena Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri kupima kila mwanamke kasoro hizi kabla ya kumpa vidonge, kwa sababu ni adimu na vipimo ni ghali. Kinachobaki ni kifaa kisicho na bei: swali. "Kuna mtu wa damu yako aliyewahi kugandwa na damu?"

Swali rahisi, siyo? Sasa liulize Kilosa.

Wenyeji wa eneo hili, Wakaguru, Wasagara, Wavidunda, pamoja na majirani zao Waluguru, kijadi wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukimuuliza bibi habari za ukoo atakupeleka kwa mama, mjomba, bibi mzaa mama, hadi chimbuko lenyewe. Upande wa baba unaheshimiwa lakini ukoo wako ni wa mama. Sawa kabisa kwa urithi wa mashamba na majina. Lakini chembe za damu hazijui mila, nusu zimetoka kwa baba. Shangazi yako aliyefariki ghafla wiki mbili baada ya kujifungua, hata kama "si wa ukoo wako", damu yake inakuhusu.

Halafu kuna lugha. Muuguzi akiuliza "mama yako aliwahi kuvimba mguu?", mama yupi? Mama mkubwa ni mama, mama mdogo ni mama. Dada anaweza kuwa mtoto wa mama mdogo. Kwa kitabibu tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu wanaohesabiwa kwanza ni waliokuzaa, uliozaliwa nao na uliowazaa. Swahili yetu imejaa upendo kiasi kwamba inaficha hesabu. Kwa hiyo swali linatakiwa liulizwe hivi: mama aliyekuzaa, baba aliyekuzaa, ndugu wa tumbo moja.

Halafu kuna historia yenyewe ya wilaya. Reli ya Kati ilifika Kilosa enzi za Mjerumani, mwaka 1909 hivi, na mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko yakavuta manamba kutoka kila kona, hadi Msumbiji. Watu walikuja peke yao, wakaacha wazazi na ndugu mbali. Baadaye zikaja operesheni za vijiji za miaka ya 1970. Leo ukikutana na kijana wa Kimamba ambaye babu yake alikuja kukata mkonge, mara nyingi hajui bibi yake wa huko alikotoka alikufa kwa nini. Ukoo umebaki jina.

Na hata anayejua, anajua nini? Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, kwetu majibu yapo tayari: matende, au "ametegewa", amekanyaga kitu kilichowekwa njiani na mtu mbaya. Mtu akikata pumzi na kufa ghafla, "presha ilipanda" au "amerushiwa". Siandiki haya kuwacheka wazee wetu. Bila ultrasaundi hata daktari hawezi kuwa na uhakika na mshipa wa mguu. Lakini matokeo ni kwamba bonge la damu la mama linafika kwa binti likiwa limevaa nguo za uchawi, na binti akiulizwa kliniki anajibu "hapana, kwetu hakuna".

Ndiyo maana swali la ukoo kwetu lazima litafsiriwe. Usiulize kama kuna aliyegandwa na damu. Uliza: nani kwetu alivimba mguu mmoja? Nani alikufa ghafla akiwa kijana? Nani alifariki siku chache baada ya kujifungua bila kutokwa damu nyingi? Alikuwa na miaka mingapi? Je, alikuwa amelala kitandani muda mrefu, amefanyiwa upasuaji, amevunjika mguu? Maana babu wa miaka 75 aliyegandwa na damu baada ya kuvunjika nyonga hakuambii mengi kuhusu damu yako. Dada wa miaka 28 aliyegandwa na damu bila sababu yoyote anakuambia mengi.

Sasa hesabu niliyoahidi. Mamlaka ya dawa ya Ulaya (ile ya wazungu) ilipitia ushahidi wote mwaka 2013. Katika wanawake 10,000 wasiotumia vidonge na wasio na mimba, kwa mwaka kama 2 hivi watapata bonge la damu. Wanaotumia vidonge vyenye levonorgestreli, kama Microgynon, ni kati ya 5 na 7. Wanaotumia vile vyenye drospirenoni au desogestreli, ambavyo baadhi ya dada wa mjini hununua kwa bei kubwa wakiamini ghali ndiyo bora, ni kati ya 9 na 12. Kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyegandwa na damu huongeza hatari takriban mara mbili, na zaidi kama ni ndugu zaidi ya mmoja.

Na mimba je? Hapa ndipo wengi hukaa kimya. Makadirio ya mamlaka ya dawa ya Marekani ni kati ya 5 na 20 katika 10,000 kwa mwaka wa ujauzito, na katika wiki 12 baada ya kujifungua hatari hupanda kufikia kiwango cha kati ya 40 na 65. Soma tena. Anayemwambia dada "usiguse vidonge, utakufa kwa damu kuganda" halafu asimpe njia nyingine, anampeleka kwenye mimba asiyoitaka ambayo ina hatari kubwa zaidi ya jambo lile lile. Uingereza waliliona hilo mwaka 1995. Oktoba mwaka huo serikali ilitoa tahadhari ya haraka kwamba vidonge vya kizazi cha tatu vinaongeza hatari mara mbili. Wanawake wakaogopa, wengi wakaacha katikati ya pakiti, na mwaka uliofuata idadi ya utoaji mimba ikapanda kwa maelfu. Tahadhari ilikuwa ya kweli, lakini ilitolewa bila kuwaambia watu mara mbili ya kitu gani.

Kwa hiyo jibu kwa dada yetu ni lipi? Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa mwongozo tangu mwaka 1996, unaopanga kila njia katika madaraja manne. Daraja la 1 ni tumia bila wasiwasi, la 4 ni usitumie kabisa. Katika toleo la mwaka 2015, mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyegandwa na damu yuko daraja la 2 kwa vidonge vyenye estrojeni: kwa kawaida faida inazidi hatari, lakini aangaliwe. Mwongozo wa Uingereza ni mkali zaidi, unampeleka daraja la 3 kama ndugu huyo aligandwa na damu kabla ya miaka 45, yaani kwa kawaida apewe njia nyingine. Wataalamu wawili, majibu mawili, kwa sababu mazingira yao ni mawili. Pale njia nyingine ziko kila kona, kuwa mkali hakumgharimu mtu. Pale pengine duka la dawa lina vidonge tu, kumnyima ni kumgharimu.

Ila mwanamke ambaye yeye mwenyewe amewahi kugandwa na damu, au amepimwa akakutwa na kasoro ya kurithi, yuko daraja la 4. Hapo hakuna mjadala. Vivyo hivyo aliye na miaka 35 au zaidi anayevuta sigara 15 au zaidi kwa siku, na mama anayenyonyesha ambaye hajafikisha wiki sita tangu ajifungue.

Na habari njema ni kwamba si vidonge vyote vina estrojeni. Vile vya projestini peke yake, kama Microlut, pamoja na sindano na kijiti, viko daraja la 1 kwa mwenye historia ya familia peke yake. Kitanzi cha shaba, kile wengi huita lupu, hakina homoni hata kidogo. Dada mwenye mama aliyegandwa na damu hajafungiwa mlango. Amefunguliwa mlango wa pembeni, basi.

Akienda kliniki aseme sentensi moja tu: "Mama yangu mzazi aligandwa na damu mguuni akiwa na miaka fulani, naomba njia isiyo na estrojeni." Akinunua duka la dawa asome upande wa nyuma wa pakiti, akiona neno ethinylestradiol, hiyo ndiyo estrojeni. Na yeyote anayetumia vidonge vyenye estrojeni ajue dalili: mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa kwenye kigimbi, pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma, kukohoa damu, kichwa kuuma vikali kusiko kwa kawaida. Hapo unakwenda hospitali siku hiyo hiyo na unataja kwamba unatumia vidonge. Usimngoje mganga aje kutegua mtego.

Historia hii imejaa watu waliouliza swali pale ambapo walitakiwa wanyamaze: daktari mmoja na barua yake, mwandishi mmoja na kitabu chake, wasichana waliosimama Seneti. Sisi swali letu ni jepesi zaidi na halihitaji Seneti. Likizo ijayo ukipanda treni au basi kwenda nyumbani, kaa na mama jikoni, halafu kaa na upande wa baba pia, uwaulize waliokufa ghafla walikufaje. Andika majina, umri na dalili kwenye daftari, uweke mahali mdogo wako wa kike atakapoweza kulipata.

Alamsiki.